Kumbukumbu ya programu ya maji: namba 0.6 ilitoka wapi

Juzi shangazi kanipigia simu kutoka Jambiani. "Mwanangu, leo umenipeleka kwenye maji ya kiuno."

Kwa anayeanza kusoma hapa: naandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, programu ndogo inayosoma jedwali la kupwa na kujaa la Bandari ya Zanzibar, kisha inamtumia shangazi ujumbe wa siku na saa anayoweza kushuka kwenye mwani wake. Kazi ya mwani hufanyika wakati wa bamvu, maji yanapokupwa sana, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, na kwetu maji ya bamvu hukupwa kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Siku za maji mafu, yasiyokupwa sana, hakuna pa kwenda. Akishuka wakati usio wake, asubuhi nzima imepotea, na kamba hazijafungwa.

Kosa ni langu. Wiki iliyopita nilirudi kwenye msimbo baada ya miezi mitano, nikakuta mstari huu:

kikomo_cha_kushuka = 0.6

Yaani maji yasipokupwa hadi mita 0.6 za jedwali, siku hiyo haitumwi. Nikaona 0.6 inabana mno, siku nyingi zinaachwa. Nikaandika 0.8.

Mimi ni muumini wa msimbo unaojieleza wenyewe kwa majina yake, bila komenti, yaani maelezo ya msomaji ambayo kompyuta huyaruka, na imani hiyo sijaiacha. Kuna fanksheni, kipande cha msimbo chenye kazi moja, niliyoiita f2, juu yake komenti "toa sita, ikiwa sifuri weka 12". Sasa inaitwa saa_ya_kiswahili na komenti nimeifuta. Hakuna kilichopotea, maana kila asomaye hapa anajua kwamba saa 12:00 ya jedwali ni saa sita mchana, na 06:00 ni saa kumi na mbili, si saa sifuri.

Lakini 0.6 haikuwa namna hiyo. Jina lilisema namba ni ya nini. Halikusema imetoka wapi. Ilitoka baharini. Siku ile nilisimama na shangazi kwenye vijiti vyake vya mwisho, akaniambia, "Hapa, yakinifika magoti, nafanya kazi." Nikatazama saa, nikatazama jedwali. Hakuna jina linaloweza kubeba siku ile. Nimerudisha 0.6 na juu yake nimeandika:

# Mita, kwa kipimo cha jedwali la bandari.
# Hapa maji yanamfika shangazi magotini, vijiti vya mwisho.
# Ilipimwa kwa kusimama pale. Usipandishe bila kumuuliza.
# Akihamisha shamba, pima upya.

Mistari minne kwa namba moja, na simwonei haya yeyote.

Nikiwa humo nimekuta na jingine. Komenti ilisema siku inaanza saa sita usiku. Nikaiamini, nikahangaika saa nzima na tarehe za ujumbe wa usiku, ule anaoutumia mume wa shangazi akienda pweza kwa taa. Kumbe msimbo niliubadilisha zamani: siku inageuka magharibi, kwa sababu Alhamisi jua likizama, kwao huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Msimbo ulikuwa sahihi, komenti ndiyo iliyobaki nyuma. PEP 8, mwongozo wa uandishi wa Python wa mwaka 2001, unasema komenti inayopingana na msimbo ni mbaya kuliko kutokuwa na komenti. Nilikuwa nimeisoma, sasa naijua.

Hiyo nimeifuta, na mahali pake nimeweka jaribio, msimbo unaoukagua msimbo mwingine: Alhamisi saa mbili usiku lazima itoe "kuamkia Ijumaa". Nikiharibu siku moja, jaribio litagoma palepale. Komenti ingenyamaza.

Bado kuna dakika 15 ninazoongeza kwenye saa za bandari, na kwa kweli sikumbuki nilizipataje. Sizigusi, wala sitaziandikia maelezo ya kubuni. Bamvu la mwezi mchanga ni Jumanne. Nitashuka na shangazi, nichomeke ubao wa kupimia kwenye vijiti vya mwisho, niandike dakika kwa dakika hadi maji yaanze kurudi.