Vivumbasi vya uzioni: nilipofikia

Mwaka jana maboga yangu yalinitia aibu. Maua tele, mashina yametambaa hadi kwa jirani, lakini vitoto vya boga vinageuka njano na kudondoka vikiwa saizi ya ndimu. Ua jike lisipopata chavua, ule unga wa ua dume unaobebwa na nyuki, ndivyo linavyofanya. Na nyuki waje kufuata nini kwangu, uani kumejaa saruji? Nikaamua kupanda vivumbasi kwenye uzio, vile vichaka vyenye majani ya kunukia, maua yake yawavute nyuki.

Machi, masika yanaanza. Nilizifukia mbegu kama mahindi, haikuota hata moja. Mbegu za kivumbasi ni ndogo mno, humwagwa juu juu ya udongo na kunyunyiziwa maji taratibu. Subira sina. Nikaenda kukata vijiti vichakani, njia ya kupanda Uluguru, kila kimoja shibiri moja, nikapukutisha majani ya chini na kuvichomeka kwenye mifuko kivulini. Kati ya 14 vilishika 9.

Mei, vyote vimehamia uzioni. Bibi wa jirani alinikuta namwagilia, akacheka: "Mjukuu wangu, siku hizi mnapanda majani?" Kwake kivumbasi huchumwa tu njiani, jioni kikafukizwa ndani kufukuza mbu. Haikupita wiki kibarua akafyeka vitatu akidhani magugu. Nilinuna siku nzima. Kumbe alinifundisha kazi: vile vitatu vimechipua matawi manne manne, ndivyo vinene kuliko vyote. Vile sita nikavikata vichwa mwenyewe.

Agosti, maua! Meupe yaliyofifia, madogo kama punje za mchele, huwezi kuyapigia picha ya kuringia. Ukiyasugua yananukia karafuu, kwa sababu yana eujenoli, mafuta yaleyale ya karafuu. Nyuki wa kawaida wamejaa, na wale wasiouma pia, vidogo utadhani sisimizi wameota mabawa.

Sasa wivu. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, kwa hiyo leo nimekaa na chai yangu tangu saa 12. Kwenye maua matano ya boga wameingia nyuki watatu. Kwenye kivumbasi kimoja nimeshindwa kuhesabu. Hata hivyo maboga mawili yameshapita saizi ya ndimu, ingawa bado napakaza chavua kwa mkono, sijiamini.

Kesho nakata vijiti vingine vya upande wa bomba. Bibi ameshaweka oda ya vitatu.