Kuagiza kwa Kidole: Jioni Moja Soho, London

Treni ya Elizabeth line ilituchukua Forest Gate, mashariki mwa London, ikapita chini ya jiji na kutufikisha Tottenham Court Road mama mdogo akiwa bado anauliza kama tumeshaanza safari. Njia hii ni mpya, ilifunguliwa Mei 2022, na wakazi wa upande ule wanaisifu sana. Ni treni moja tu hadi katikati ya mji, huna haja ya kushuka na kupanda nyingine. Tulitokea mlango wa Dean Street. Ilikuwa Novemba, saa kumi na mbili jioni, na giza lilikuwa limeingia zamani. Oxford Street walikuwa wameshatundika taa za Krismasi juu ya barabara, mvua ya manyunyu inashuka, watu wanatembea kama wanafukuzwa.

Tulikuwa wanne. Mama mdogo, niliyetoka naye Tanga kuja kumtembelea dada yangu, dada mwenyewe, ambaye ameshakuwa mtu wa London, mpwa wangu, kijana anayeelekea ukubwani, na mimi. Nawaeleza kwa sababu kila mmoja alikuwa na shida yake ya mezani. Mpwa wangu hali karanga kabisa, zikimgusa tu midomo inavimba. Sisi sote tunaangalia halali. Mama mdogo ana hayo ya halali, na zaidi ya hapo Kiingereza hakijui. Anajua Kiswahili na Kidigo, na Kurani anaisoma vizuri, lakini menyu ya London kwake ni karatasi yenye michirizi.

Tulikokuwa tunakwenda ni mkahawa wa Inamo, Wardour Street. Ni mtaa mwembamba unaoikata Soho kutoka Oxford Street kwenda kusini, zamani ukijulikana kwa ofisi za kampuni za filamu. Mkahawa huu ulifunguliwa mwaka 2008 na vijana wawili, Noel Hunwick na Danny Potter, na chakula chake ni cha Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki kwa pamoja: sushi za Kijapani, mchuzi wa nazi wa Kithai, vitu vya Kichina na vya Kikorea. Kilichoupa umaarufu ni meza zake. Unaagiza kwenye meza yenyewe. Ukikumbuka kwamba iPad ilitoka mwaka 2010, utaona walikuwa wamewahi.

Tena hawakuwa wa kwanza eneo hilo kuchanganya chakula cha Asia na mitambo. Mitaa michache tu upande wa magharibi, Poland Street, ndipo mkahawa wa YO! Sushi ulipoanzia mwaka 1997, sahani zikipita mbele ya walaji juu ya mkanda unaozunguka. Na mkanda huo wenyewe asili yake ni Osaka, Japani, mwaka 1958, alipoubuni Yoshiaki Shiraishi baada ya kuona chupa za bia zikisafirishwa kwenye mkanda kiwandani. Alikuwa na wapishi wachache na wateja wengi, akatafuta njia ya kuwahudumia wote. Shiraishi alitatua tatizo la mwenye mkahawa. Hawa wa Wardour Street, kwa nilivyoona mimi, wametatua tatizo la mgeni.

Ndani ni giza kidogo, na giza lile lina kazi. Juu ya kila meza dari imebeba projekta, nayo inamwaga picha chini kwenye meza nyeupe. Kila mlaji ana eneo lake la mwanga mbele yake, na sehemu yake ya kugusa. Mhudumu, kijana mpole, alitukalisha akatuonyesha mara moja tu: hapa chakula, hapa vinywaji, hapa unabadilisha kitambaa cha meza, hapa unaniita. Akaondoka.

Akaondoka. Hilo nataka nilisimamie. Kwa siku zote tulizokuwa London, kila tulipoingia mkahawani ilikuwa hivi: mhudumu anasimama na kidaftari, dada anamwambia mama mdogo harakaharaka, "Kuna kuku, kuna samaki, kuna wali, unataka nini?" Mama mdogo anamtazama mhudumu, anamtazama dada, anaona watu wanasubiri. Anasema, "Chochote mwanangu, mimi si mchaguzi." Mimi namjua mama mdogo. Ni mchaguzi kuliko sisi sote! Sokoni Tanga anaweza kupindua fungu zima la bilinganya akaondoka na mbili. Kwa hiyo siku zote hizo alikuwa anakula chakula cha aibu, kile kilichochaguliwa upesi ili watu wasisubiri.

Pale Inamo hakuna aliyesimama juu yake. Alianza na vitambaa. Ukigusa, meza yote mbele yako inabadilika rangi na nakshi, na yeye akawa anapitisha moja baada ya nyingine, ncha ya kidole imeiva hina, picha zinapita juu ya mkono wake na juu ya mkono wa baibui. Alipofika kwenye moja yenye maua akasema, "Hii," akakaa vizuri kwenye kiti. Kisha akahamia kwenye chakula. Ukichagua kitu, picha yake inatokea mezani palepale sahani itakapowekwa, kubwa ya kuonekana vizuri. Dada akanyoosha mkono kumsaidia. Mama mdogo akausukuma pembeni.

"Niache nichague mwenyewe."

Akachagua. Alikaa na ile meza muda mrefu, anarudi nyuma, anakwenda mbele, anatuuliza hiki ni nini na kile ni nini, na sisi tunamsomea. Kamba wa tempura aliwatambua bila kuuliza. "Hizi si bajia za kamba?" Nikamwambia ni ndugu. Mtindo huo wa kuchovya kwenye unga wa maji na kukaanga, Wajapani waliupata kwa Wareno waliofika Nagasaki karne ya 16, Wareno walewale waliokuwa wakijenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593. Na pilipili, ambayo leo huwezi kuitenganisha na chakula cha Kithai wala cha Kikorea, asili yake ni Amerika, ikaletwa Asia na mabaharia haohao. Mama mdogo akasema, "Basi kumbe walileta na kizuri," akaongeza kamba kwenye oda.

Sasa hapa kuna jambo ambalo meza haikuweza, na ni vizuri lijulikane kwa yeyote mwenye shida kama zetu. Sheria ya Uingereza inautaka mkahawa ueleze kama chakula kina kitu chochote katika orodha ya vitu 14 vinavyodhuru watu kwa mzio: karanga, ufuta, maziwa, mayai, soya, samaki, kamba na jamii yake, na vinginevyo. Kwa mpwa wangu orodha hiyo ni uhai. Lakini pombe haimo katika 14 hizo. Na michuzi mingi ya Kijapani hupikwa kwa sake, ambayo ni pombe ya mchele, au mirin, ambayo ni tamu na ina pombe pia. Yule samaki maarufu wa miso, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa, anayependwa katika mikahawa ya Kijapani dunia nzima, kwa kawaida hulowekwa humo siku moja au zaidi kabla ya kuchomwa. Mtu anaagiza samaki akiamini yuko salama kwa sababu si nyama, kumbe pombe imeingia kwenye mchuzi.

Dada akagusa pa kumwita mhudumu. Kijana akaja, tukamweleza yote mawili: karanga za huyu, pombe kwa sisi sote. Hakutuharakisha wala hakusema "nadhani". Alisema anakwenda kuuliza jikoni. Na kwa kuwa meza ina kamera ya jikoni, unaweza kuwatazama wapishi wakifanya kazi, mpwa wangu aliifungua. Tukamwona kijana wetu akiingia kwenye picha, akasimama karibu na mpishi, mpishi akaacha alichokuwa anafanya akamsikiliza, akaonyesha chombo kimoja, akatikisa kichwa, akaonyesha kingine, akakubali. Tulikuwa tunalitazama swali letu likijibiwa kabla jibu halijatufikia. Alipotoka alitutajia cha kuacha na cha kuchukua, kimoja kimoja. Samaki wa miso tukamwacha.

Nimeshapita mahali, sitapataja, ambapo skrini kubwa zimesimama mlangoni na binadamu wote wamefichwa nyuma ya ukuta. Ukiwa na swali, skrini haina pa kuuliza. Mbele yangu alikuwapo mzee mmoja, amegusa, amerudi nyuma, amegusa tena, akageuka kutafuta uso wa mtu. Hakuna. Akaondoka na njaa yake. Ile skrini iliwekwa ili kuondoa mishahara. Hii meza ya Soho imebaki na wahudumu wake, imewapunguzia tu kazi ya kuandika na kukimbia na vidaftari, na muda uliobaki wanautumia kwenda jikoni kuuliza. Tofauti hiyo kwangu ndiyo habari nzima, na ningependa wenye mikahawa ya kwetu waione. Dar es Salaam siku hizi unakuta msimbo wa QR umebandikwa mezani, unaelekeza simu, unafungua orodha ya maneno matupu, bila picha, na bando lako ndilo linalokatwa. Wekeni picha. Wekeni Kiswahili. Na mhudumu abaki.

Chakula kilikuja kidogo kidogo, kila kitu kikitoka kinapokuwa tayari, si vyote kwa mkupuo. Kwanza edamame, soya changa zilizochemshwa na maganda yake na kunyunyizwa chumvi. Unaziminya kwa meno, punje inatoka, ganda unaliweka pembeni. Mama mdogo alizipenda mno, na bakuli la pili aliliagiza mwenyewe kabla la kwanza halijaisha. Nadhani alifurahi zaidi kuona bakuli linakuja kwa amri ya kidole chake. Kamba walikuwa wakavu, wepesi, bila mafuta kubaki vidoleni. Sushi ya samaki mbichi aliitazama kwa heshima, akamwachia mjukuu. Mchuzi wa kijani wa Kithai aliunusa kwanza, akataja vilivyomo: mchaichai, tangawizi au kitu cha jamii yake, pilipili mbichi, nazi. Alipoonja akanyamaza kidogo.

"Mzuri. Lakini nazi ya kopo hii. Mwanangu, ingekunwa hapohapo, tungelamba sahani."

Mimi sijawahi kumsikia akitoa maoni juu ya chakula chochote cha London kabla ya hapo. Mtu hukosoa chakula alichokichagua, kile alichochaguliwa hukimeza tu.

Baada ya sahani kuondolewa, meza ikageuka uwanja. Kuna michezo, na mpwa wangu alimfundisha bibi yake ule wa kuzamisha meli: kila mmoja anaficha meli zake, mnapeana zamu kupiga, anayezimaliza za mwenzake ndiye mshindi. Mama mdogo alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Alikuwa anapiga polepole, anatazama uso wa mtoto kabla ya kupiga. Meli ya mwisho ilipozama alisema, "Pole baba," na sauti yake haikuwa na pole hata chembe. Meza ya jirani, watu wasiotujua, walipiga makofi.

Bili nayo unaweza kuifuatilia palepale, kinachoongezeka unakiona, kwa hiyo hakuna mshtuko mwishoni. Kama ilivyo desturi ya mikahawa mingi ya London, uliza kama kumeongezwa ada ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5, na ujue kwamba kwa kawaida ni hiari. Dada alitueleza kwamba tangu Oktoba 2024 kuna sheria inayomkataza mwajiri kukata chochote katika bakshishi na ada hiyo. Yote ni ya wafanyakazi. Tukalipa kwa moyo mweupe, tukimfikiria yule kijana wa kwenda na kurudi jikoni.

Mvua ilikuwa imekatika. Tuliushuka Wardour Street kuelekea kusini, tukavuka Shaftesbury Avenue, tukafika Gerrard Street, mtaa wa Wachina, ambako walianza kuhamia miaka ya 1950 baada ya makazi yao ya zamani ya Limehouse, karibu na bandari, kupigwa mabomu wakati wa vita. Taa nyekundu zimepangwa juu kutoka ukuta hadi ukuta. Duka moja la vyakula lilikuwa bado wazi. Mama mdogo aliingia moja kwa moja, hakungoja mtu wa kumtafsiria, akanusa mchaichai, akachagua tangawizi kipande kwa kipande, akauliza kwa Kiswahili bei ya nazi. Mwenye duka akamwonyesha kwa vidole, naye akamwonyesha kwa vidole bei anayoitaka yeye. Dada alitaka kuingilia kati, nikamshika mkono.