Honi ya basi na galaksi saba

Jana umeme ulikatika saa mbili usiku, nikatoka kukaa barazani. Basi likapita barabara kuu likipiga honi mfululizo. Lilipokuwa likija, honi ilikuwa nyembamba na kali. Lilipotupita tu, ikashuka ikawa nzito. Dereva hakubadilisha kitu. Ni mwendo wa basi.

Wiki nzima nawaza zile galaksi saba ambazo darubini ya James Webb ilizithibitisha mwaka 2023 kuwa ni kundi moja linaloanza kujikusanya. Tunaziona zilivyokuwa miaka milioni 650 tu baada ya Mlipuko Mkuu, mwanzo wa ulimwengu. Pichani ni vidoa vyekundu, na hata ukivitazama maisha yako yote hutaona kimoja kikisogea. Ila mwanga nao una honi yake: wa kitu kinachotujia huelekea ubuluu, wa kinachotukimbia huelekea wekundu. Kutanuka kwa ulimwengu kumeuvuta wote kwenye wekundu, lakini si kwa kiasi kimoja kwa kila galaksi, na mwendo wao umejificha ndani ya tofauti hizo ndogo. Zinakwenda karibu kilomita 1,000 kwa sekunde. Dar hadi Mwanza kwa sekunde moja na kitu! Safari hiyo mimi huimaliza miguu imevimba.

Mwaka 1933 mwanaastronomia Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi za kundi la Coma akakuta zinakimbia mno. Vitu vinavyoonekana pekee visingeweza kuzizuia zisitawanyike. Lazima kuna maada tusiyoiona inayozishika. Na hizi saba, wanaastronomia wanakadiria, zilikuja kuwa kundi kubwa mfano wa Coma.

Kinachonigusa zaidi ni galaksi nyingine, REBELS-25, ya miaka milioni 700 hivi baada ya Mlipuko Mkuu. Mwaka 2024 watafiti waliotumia darubini ya ALMA, kule Chile, walionyesha kwamba upande wake mmoja unatujia na wa pili unatukimbia: sahani inayozunguka kwa utaratibu, karibu kama galaksi yetu. Wengi walitarajia vurugu tupu katika umri ule. Nami nilitarajia hivyo, na nimefurahi kukosea.

Umeme ulirudi saa nne. Jua letu nalo huizunguka galaksi kwa kilomita 220 hivi kila sekunde. Kwa saa mbili zile, nimekaa palepale barazani, lilikuwa limenibeba zaidi ya kilomita milioni moja na nusu.