Kumbukumbu ya mradi wangu: bushi za amu za mbele kwenye Land Rover 110

Jumamosi

Tangu turudi Ziwa Natron kwa njia ya Engaruka, gari lilikuwa linagonga. Ukikanyaga breki, mlio mmoja mzito chini ya miguu. Ukiachia klachi kuondoka, mwingine. Leo nimelala chini, nikachomeka mtaimbo kati ya amu (mkono wa chuma unaoshika ekseli ya mbele) na ekseli, nikaukandamiza. Amu ikasogea, ekseli imetulia tuli. Bushi zimekwisha.

Gari ni Defender ya 1996, injini 300Tdi. Ekseli ya mbele inashikwa na amu mbili ndefu zinazotoka kwenye chesisi. Kila amu imefungwa kwenye ekseli kwa bolti mbili, na kila bolti inapita ndani ya bushi: raba iliyogandamana na mirija miwili ya chuma, mdogo wa ndani na mkubwa wa nje. Kwa hiyo bushi ni nne, mbali na raba za ule upande wa chesisi.

Rafiki zangu kadhaa walinishauri nifunge za poliuretani, plastiki ngumu kuliko raba, kwa kuwa zinadumu na zinaingia kwa mkono. Nimekataa, na sababu ninayo. Tairi moja ikipanda jiwe na nyingine ikazama korongoni, ekseli inataka kujipinda, lakini amu zimeishika kwa bolti mbili kila upande na haziiruhusu. Kinacholegea ni raba. Ukiweka kitu kigumu pale, tairi zinawahi kunyanyuka. Mimi natembea makorongoni, nahitaji raba.

Jumapili

Kutoa za zamani kumekula siku nzima. Bolti moja ilishikana kwa kutu na mrija wa ndani. Nililazimika kuilowesha mafuta ya kulegeza kutu na kuigonga kidogo kidogo hadi saa nane mchana.

Wengi huzichoma kwa moto. Inafanya kazi, ila moshi wa raba ni mbaya kwa kifua, na hapa nyumbani kuna watoto. Nimetoboa raba kwa drili kuzunguka mrija wa ndani mpaka ukachomoka. Kisha nikapitisha wembe wa msumeno wa chuma kwenye tundu, nikakata mrija wa nje kwa urefu wake. Karibu na mwisho punguza nguvu, kwa sababu nyuma ya mrija ni amu yenyewe. Mrija ukishakatika, patasi nyembamba inaukunja kwa ndani, na ghafla unalegea.

Bushi ya tatu nilipitiliza. Msumeno uliacha mkwaruzo kwenye tundu la amu, mfupi, hauonekani vizuri kwa macho lakini kidole kinausikia. Nilipiga msasa, nikadhani umekwisha.

Jumatano

Bushi zililala kwenye friza toka jana usiku. Usitarajie miujiza: chuma cha kipenyo cha milimita 50 kikipoa kwa nyuzi 45 kinapungua takriban milimita 0.03. Ni kidogo, lakini kwenye kitu kinachobana hivi, kidogo hicho kinasaidia bushi kuanza ikiwa wima.

Nimepeleka amu kwa mzee mmoja mwenye presi ya tani 20. Chini tuliweka kipande cha bomba kipana kuliko bushi ili amu ipate pa kukaa, juu boksi spana kubwa inayokalia ukingo wa mrija wa nje peke yake. Ukisukuma mrija wa ndani, unachana raba kabla gari halijatembea hata kilomita moja.

Mbili za kwanza ziliingia kwa mlio mmoja mnene, sawasawa. Ya tatu, pale kwenye mkwaruzo wangu, ilitoa uzi wa chuma. Mwembamba kama unywele, unang'aa, unajikunja ukingoni upande mmoja tu. Nilitaka aendelee, nikiamini itajinyoosha yenyewe. Mzee akainua mkono.

"Kijana, toa. Ikinyoa imepinda."

Tukaitoa. Nikapitisha tupa ya mviringo kwenye ule mkwaruzo, kisha msasa, kisha kidole, kisha msasa tena. Nikaondoa na ncha kali kwenye mdomo wa tundu kote kuzunguka, kazi ambayo ningeifanya kwa zote nne kabla ya kutoka nyumbani. Mafuta mepesi kidogo, na safari hii ikazama bila kunyoa. Ya nne haikusumbua.

Jumamosi ya pili

Amu zimerudi, moja baada ya nyingine ili ekseli isihame. Bolti nimezipaka grisi ya shaba na kuziacha zimeshikwa tu, sijakaza. Raba imegandamana na mirija yote miwili, na bolti ikikazwa inaubana mrija wa ndani usizunguke. Ukikaza gari likiwa juu ya jeki na ekseli inaning'inia, ukilishusha raba inajisokota na inabaki imesokotwa siku zote. Nadhani bushi nyingi zinazokufa mapema zinauawa hapo.

Nimelishusha, nikalitikisa kwa kukanyaga bampa, nikalisukuma mbele na nyuma mita chache, ndipo nikakaza kwa spana ya kipimo.

Jioni nimelipeleka barabara ya changarawe, kilomita 30. Breki, kimya. Kuondoka, kimya. Nimerudi, nikakagua bolti zote nne, kisha nikachomeka mtaimbo palepale: amu na ekseli vinasogea pamoja. Bado usukani una mchezo mdogo kulia na kushoto, na huo unatoka kwenye fimbo ya Panhard, ile inayozuia ekseli isihame kulia na kushoto. Bushi zake mbili nimeshanunua, ziko kwenye friza.