Bahari Niliyoilipia Hurumzi

Boti ya kutoka Dar ilifika salama, sina la kuongeza. Kilichonikera ni chumba.

Nililipa laki na nusu kwa usiku, chumba cha juu kabisa Hurumzi, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa sababu ya picha moja: dirisha na bahari. Nikapanda ngazi za mbao mpaka pumzi zikaniishia, nikafungua dirisha, nikakutana na ukuta wa matofali ya saruji ambao haujapigwa hata lipu. Juu yake nondo zimechomoza, zinasubiri ghorofa nyingine. Upepo haupiti. "Jirani kaongeza mwaka huu, nasi tufanyeje?" akasema mwenye nyumba ya wageni. Pesa hakurudisha. Alileta feni, ikapiga kelele usiku kucha.

Asubuhi, kichochoro cha nyuma, nikamkuta fundi mzee anakoroga chokaa. Nikamwamkia, nikamweleza kisa changu.

"Mwanangu, wewe walilia bahari. Mie naulilia ukuta."

Akabandua kipande cha lipu kwa mwiko. Ndani kulikuwa na mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Nyumba hizi hazina nguzo za zege, akasema. Kuta ndizo zinazobeba kila kitu. Boriti za mikoko ni fupi, ndiyo maana vyumba ni vyembamba. Ukimwaga zege juu, uzito wote unaziangukia kuta hizo. Ukizipaka saruji, unyevu unakosa pa kutokea, na boriti inaoza pale ilipoingia ukutani. Akanipa ncha ya boriti niishike. Ilimegeka mkononi kama mkate mkavu.

Watu huchukulia ukomo wa urefu wa majengo ya huku kuwa ni wa kuwaridhisha watalii na UNESCO, iliyouweka Mji Mkongwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kwa fundi yule ni suala la roho za watu. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka sehemu Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Nilisimama mbele yake jioni ile, hamu ya kwenda kula Forodhani ikanitoka.

Jirani mwenyewe nilimkuta barazani. Nilikwenda na hasira zangu, lakini alinieleza kwa upole: nyumba ni ya urithi, ndugu ni wengi, wanawe wawili wameoa. "Niwapeleke wapi?" Sikuwa na jibu, na bado naamini ghorofa ile haikupaswa kujengwa.

Kwetu Dar hata mabishano haya hatuna. Kisutu na Mtaa wa India nyumba zenye roshani zinavunjwa, maghorofa yanapanda, na kinachotuuma ni foleni na maegesho tu. Zanzibar angalau ina mamlaka ya kuuhifadhi mji tangu 1985. Ningekuwa na sauti huko, ningeomba familia kama ya jirani yule ipewe kiwanja nje ya Mji Mkongwe kabla ya kupelekewa notisi ya kubomoa, na yule mzee alipwe awafundishe vijana kazi ya chokaa angali na nguvu.