Nilivyoacha sigara kwa simu mbili na ndoo ya viazi

Mimi ni mpishi wa mlimani, Kilimanjaro, naishi Pasua hapa Moshi. Nilianza kuvuta nikiwa mgumu, nabeba mizigo ya wageni, nina miaka 19. Nimeacha nikiwa na 37. Leo ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu sigara ya mwisho, na naandika kwa sababu mbili: najivunia, na nimechoka na ushauri wa hovyo watu wanaopeana vijiweni kuhusu kuacha fegi.

Huo ushauri ulinipotezea miaka. Mzee mmoja aliniambia nihamie kwenye ugoro, eti hauna moshi. Nikanusa miezi minne. Ugoro ni tumbaku ileile na nikotini ileile, kwa hiyo nikaishia kununua vitu viwili badala ya kimoja. Mwingine akasema nipunguze mpaka nibaki na moja kwa siku. Hiyo moja nilikuwa naisubiri kama mshahara, kutwa nzima sifikirii kingine. Lakini ushauri ulioniumiza kuliko yote ni wa mlimani kwenyewe, kwamba ukiwa juu kwenye baridi sigara inapasha mwili. Hakuna mgumu ambaye hajausikia, na mimi mwenyewe niliwaambia vijana. Si kweli. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo vidole ndivyo vinavyozidi kupoa. Tena ule moshi una kaboni monoksaidi inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Sasa uko Kibo Hut, kambi ya mwisho ya njia ya Marangu, mita 4,700 na ushee, oksijeni unayopata ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani, halafu hiyo kidogo nayo unaipunguza kwa hela yako. Nilifanya hivyo miaka 18, kila nikifika Kibo kichwa kinaniuma, nasema ni hali ya hewa.

Programu ya kwanza niliipakua mwenyewe usiku, nimekaa kitandani na bando la elfu moja. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini Kiingereza cha kazi ninacho. Ikaniuliza navuta sigara ngapi kwa siku, nikaandika 14. Pakiti ina ngapi, 20. Pakiti ni bei gani? Hapo nikakwama. Mimi pakiti nzima naishika Krismasi tu, ndugu wakirudi kutoka mjini. Siku nyingine zote nanunua moja moja: duka la jirani mia mbili, stendi mia tatu, mlimani mwenzako anaweza kukuuzia hata mia tano. Nikaandika bei ya pakiti niliyoisikia dukani, na hapo nilikosea, kwa sababu programu ikawa inaniambia nimeokoa hela ndogo kuliko ile niliyokuwa naichoma kweli. Wewe unayenunua rejareja, chukua bei unayolipa mara nyingi kwa sigara moja, zidisha kwa 20, hiyo ndiyo bei ya pakiti yako. Yangu ilikuwa kama mia mbili na hamsini, kwa hiyo pakiti yangu ni elfu tano. Sigara 14 ni 3,500 kwa siku. Kwa mwezi ni laki moja na elfu tano. Kodi ya vyumba vyangu haikufika hapo.

Nilikaa siku tisa. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso nafungua simu naangalia ile namba kubwa ya kijani. Chini yake kuna vialama vinavyowaka kimoja baada ya kingine: baada ya dakika 20 mapigo ya moyo yameanza kushuka, baada ya saa 12 kaboni monoksaidi kwenye damu imerudi kawaida. Kuna kimoja kilikuwa bado cheusi kwa mbali, cha mwaka mmoja, kinachosema hatari ya ugonjwa wa moyo imeshuka kufika nusu ya ile ya mvutaji. Nilikitamani kile. Nilimwonyesha mama watoto, nikawaonyesha majirani.

Siku ya kumi tukawa na msiba Kibosho. Tumezika, tumerudi, wanaume tumekaa migombani, kata ya mbege inazunguka. Shemeji yangu akawasha mbili kwa pamoja mdomoni kama tulivyozoea, akanipa yangu. Hakunishawishi hata kwa neno, aliunyoosha mkono tu, na mkono wangu ukaipokea. Nilishtuka imefika nusu. Nikaimaliza.

Usiku programu ikauliza kama nimevuta leo. Nikajibu ukweli. Ile tisa ikageuka sifuri palepale. Vialama vyote vikazimika, hata kile cha dakika 20. Niliikodolea macho ile sifuri kwa muda mrefu. Siku tisa nilizokesha bila usingizi, nilizomkaripia mtoto kwa kijiko kuanguka, hazipo. Kesho yake nikajiambia kwa kuwa niko sifuri, hata nikivuta kumi bado ni sifuri. Wiki mbili zilizofuata nilivuta kuliko nilivyowahi kuvuta maishani, na kila asubuhi ile simu inanikaribisha siku ya kwanza. Nikaifuta.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu, mtoto wa dada, anasomea uuguzi. Alikuja likizo, akanisalimia, nikaitikia marahaba, akakunja pua. Nikamsimulia habari ya siku tisa na ile sifuri. Akacheka kidogo, akasema, "Anko, mapafu yako hayawezi kusoma hiyo namba. Siku tisa ulizopumzika umepumzika. Ulivuta moja, basi ni moja."

Akaniambia kitu kingine ambacho nilikuwa sijawahi kukisikia. Uingereza walifanya utafiti kwa ujumbe mfupi wa kawaida tu, matokeo yakatoka mwaka 2011. Watu 5,800 hivi. Kundi moja lilipokea meseji tano kwa siku kwa wiki tano za mwanzo, baadaye tatu kwa wiki, za kuwatia moyo na kuwashauri. Ukizidiwa unatuma neno moja la kusema una hamu, unajibiwa papo hapo. Ukiteleza kuna neno lake. Baada ya miezi sita walipimwa, na walioacha kweli walikuwa asilimia 10.7 kwenye kundi lile, na 4.9 kwa wasiopata meseji hizo. Nikamwambia mbona ni wachache hivyo. Akasema, "Ni mara mbili, anko. Na tofauti yao ilikuwa meseji tu." Marekani nako, mwaka 2020, walilinganisha programu mbili za simu kwa watu 2,415. Ile iliyowafundisha watu kuiangalia hamu bila kupigana nayo, wanaiacha ije mpaka iondoke yenyewe, baada ya mwaka mmoja ilikuwa na asilimia 28 walioacha, na nyingine 21.

Niliuliza pia zile bazoka za kutafuna zenye nikotini zinazosaidia kuacha. Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Maduka matatu ya dawa hapa mjini niliyoingia hawakuwa nazo, kwa hiyo nikabaki na simu.

Mpwa wangu akanitafutia programu nyingine, ya bure, ambayo ukiteleza inaandika umeteleza na hesabu inaendelea. Halafu akanipa sharti: wiki nzima nivute kama kawaida, lakini kila nikiwasha niandike saa, mahali, na nilikuwa nafanya nini. Niliona ni upuuzi, mtu anaacha sigara kwa kuvuta? Lakini wiki hiyo ndiyo iliyonifumbua macho. Ilipoisha tukakaa naye kwenye ngazi, tukazihesabu, zilikuwa 96. Nilidhani mimi navuta kwa ajili ya kahawa na baridi. Kumbe zaidi ya 40 zimeandikwa neno lilelile: nasubiri. Nasubiri Hiace ijae. Nasubiri mizigo ipimwe getini. Nasubiri wageni wamalize kula nichukue vyombo. Nasubiri maji yachemke. Mimi kumbe navuta kusubiri. Miaka 18 hakuna mtu aliyewahi kunieleza hilo, na nilikuwa silijui.

Tukapanga siku ya kuacha: siku ya kuanza safari ya siku sita njia ya Marangu. Wenzangu waliniona nimechanganyikiwa. Mimi nilijua juu ya geti hakuna duka la jirani wala stendi, na kiongozi wetu wa safari nilimwambia mbele ya wagumu wote kwamba yeyote atakayenipa sigara ale ugali bila mboga. Mpishi ana nguvu zake.

Shida ikawa simu. Simujanja huko juu baridi inakula chaji, asubuhi unaikuta imezima, na programu ndani ya simu iliyozima haina msaada. Hapo ndipo nilipokumbuka kitochi changu cha zamani, kile cha kubonyeza, kinachokaa na chaji siku nne. Mpwa wangu akaketi jioni moja akaandika meseji tano za kila siku, akazipanga kwenye simu yake zijitume zenyewe saa zangu mbaya, zile tulizoziona kwenye programu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na moja, saa tatu usiku. Na mimi nikipata mtandao nikizidiwa, natuma HAMU. Nikiteleza, natuma NIMETELEZA. Basi. Kitochi nilikilaza ndani ya soksi, soksi ndani ya begi la kulalia.

Usiku wa pili tuko kambi ya Horombo. Kuacha sigara siku tatu za kwanza ndizo kilele cha mateso, na mimi nilikuwa katikati. Wageni wanakula supu. Mimi nimesimama nje ya jiko nasubiri sahani, yaani ile saa yenyewe. Mgumu mmoja akapita nyuma ya jiwe, nikasikia kiberiti, harufu ikaja. Mate yalijaa mdomoni. Mikono ilikuwa inatafuta kitu mfukoni peke yake. Wote tunaofanya kazi mlima huu tunaukumbuka ule moto uliounguza mlima Oktoba 2020, ulioanzia Whona kwenye njia hiihii, tunajua moto huku si mchezo, na bado miguu yangu ilishaanza kwenda nyuma ya lile jiwe.

Kitochi kikalia. Meseji ya saa tatu, ilichelewa, ilikuwa imekaa hewani ikingoja mtandao. "Anko, hamu haizidi dakika chache. Shika kitu mkononi. Iangalie tu."

Kitu kilichokuwa karibu ni ndoo ya viazi vya kesho. Nikaikalia. Maji yalikuwa ya barafu, kisu changu kidogo, taa ya kichwani. Cha kwanza nilikimenya vibaya, nimekata nyama yote. Cha pili mikono ikatulia kidogo. Cha tatu nikaanza kufuata ganda, nalizungusha lishuke lote bila kukatika, kama mama alivyokuwa anafanya. Hamu ilikuwepo, niliisikia kifuani kabisa, inapanda. Sikuifukuza. Kwenye cha nne likashuka ganda refu zima mpaka likagusa buti, na nilipoinua kichwa yule kijana alikuwa ameshamaliza amepita kwenda kulala, nami sikumbuki amepita saa ngapi. Viazi vinne. Tangu hapo hamu yangu naipima kwa viazi, na mara chache sana imefika sita.

Wageni wa safari ile walikula chipsi, supu ya viazi, viazi vya nazi na viazi vya kuponda. Hawakulalamika.

Niliposhuka kulikuwa na mengine ambayo hakuna aliyenitayarisha. Nilikohoa zaidi ya nilipokuwa navuta, wiki kadhaa, nikaogopa. Mpwa wangu akanieleza ni vinyweleo vya ndani ya njia ya hewa vinaanza tena kazi, vinafagia. Njaa ilikuwa ya ajabu, choo kikawa kigumu, hasira za karibu. Mjini viazi huna kila mahali, kwa hiyo mfukoni nilikuwa natembea na karanga za maganda, mia mbili mia tatu, za kumenya polepole nikisubiri Hiace.

Wiki ya tano niliteleza. Stendi, mvua, gari limeharibika. Moja. Nikatuma NIMETELEZA huku mkono unatetemeka kwa aibu. Jibu likaja: "Sawa anko. Ulikuwa unasubiri nini?" Hakuna sifuri, hakuna kialama kilichozimika, swali tu. Nikajibu, nikanunua karanga, nikaenda nyumbani kwa bodaboda ili nisiendelee kusubiri pale. Ile ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Sasa napanda Kibo kichwa hakinisumbui kama zamani, na nikilala mama watoto anasema sikoromi vile. Kile kialama cha mwaka mmoja kiliwaka tukiwa shambani tunavuna mahindi. Nilikiangalia mpaka skrini ikajizima.

Mwezi huu kuna mgumu wetu mmoja, miaka 22, amekuja mwenyewe kuniomba nimpangie meseji. Nimemwandikisha wiki nzima kwanza, kama nilivyoandikishwa. Zake hazifanani na zangu hata kidogo. Yeye kusubiri hakumsumbui, anavuta akishapigiwa simu kutoka nyumbani kuulizwa hela. Kwa hiyo saa hazimfai, na tumekubaliana kwamba kila akikata simu ya nyumbani ananibipu, nami nampigia. Jana amebipu mara mbili.