Saa ndefu ya Kiingereza ikichelewa Nairobi, usikimbilie kuifungua

Chukua saa ndefu ya kabati iliyotengenezwa Uingereza miaka ya 1700, irekebishwe London mpaka iende sawasawa, kisha isimamishwe kwenye nyumba ya Nairobi bila mtu kugusa nati ya pendulo, ule ufito wenye bonge chini unaobembea ndani ya kabati. Itachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Haina ugonjwa wowote. Meno hayajalika, mafuta hayajakauka, wala fundi hajaharibu kitu. Pendulo huvutwa na dunia, na mvutano huo hapa kwetu ni mdogo kuliko wa London, kwa sababu tuko karibu kabisa na ikweta na tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Mvutano ukipungua, kila bembea inachukua muda mrefu kidogo. Mfaransa Jean Richer aligundua jambo hili mwaka 1672 alipokwenda Cayenne, Amerika ya Kusini: saa iliyokuwa sahihi Paris ilichelewa kule, ikabidi pendulo ifupishwe.

Naanza na hili kwa sababu saa nyingi nzuri zimeteswa bure. Mwenye saa anaona inachelewa, anaita fundi, fundi anafungua mashine, anapiga nyundo matundu inamokaa mihimili ili kuyabana, anaongeza uzito wa mizigo inayoiendesha saa. Mzigo mzito hauponyi ucheleweshaji huu. Unachofanya ni kula meno.

Pendulo ya saa hizi hupiga sekunde moja kwenda na sekunde moja kurudi. London urefu wake wa kihesabu ni milimita 994. Nairobi ni kama 990 na nusu. Kwa hiyo bonge la chini linatakiwa kupanda milimita tatu na nusu hivi. Kila milimita moja ni sekunde 43 kwa siku. Simamisha pendulo kwanza. Shika ufito wake kwa mkono mmoja usizunguke, maana juu umening'inia kwenye ukanda mwembamba wa chuma cha pua, na ukanda huo ukikunjwa mara moja tu mwendo wa saa haurudi kuwa ule ule. Tia alama ya penseli kwenye nati, izungushe mara moja ili bonge lipande, kisha usiguse kitu saa 24. Linganisha mshale wa sekunde na simu yako, andika. Mara nyingi mzunguko mmoja huwa kati ya nusu dakika na robo tatu ya dakika, kutegemea nyuzi za nati, hivyo safari ya kutoka London hadi Nairobi ni mizunguko minne au mitano. Nati ikifika mwisho na saa bado inachelewa, kagua ukanda wa juu: ukanda wa kisasa uliowekwa badala ya ule wa kwanza mara nyingi ni mrefu kwa milimita kadhaa. Au pendulo yenyewe imetoka kwenye saa nyingine.

Joto nalo lina sehemu yake, lakini ndogo. Ufito wa chuma ukipata joto digrii kumi zaidi, saa inachelewa sekunde tano hivi kwa siku. Usifuate nati kila msimu kwa ajili ya hilo.

Kusimamisha kabati kunataka umakini kuliko kurekebisha nati. Kabati lina kichwa, kiwiliwili na kitako. Kichwa huvutwa mbele kikatoka, na hapo ndipo unapoiona mashine imekaa juu ya ubao wake. Weka pima maji kwenye ubao huo, usiiweke juu ya kichwa, maana kichwa huenda kimepinda miaka mia iliyopita. Kwa nyumba za zamani zenye sakafu ya vipande vya mbao, weka vipande vidogo vya mbao ngumu chini ya pembe za kitako mpaka kabati lisitikisike hata ukilisukuma kwa kidole. Zulia liondoke. Kisha tafuta tundu la skrubu la zamani kwenye ubao wa nyuma, karibu na usawa wa mashine. Karibu saa zote zinalo. Skatingi ya ukutani hulisukuma kabati mbele, kwa hiyo jaza nafasi hiyo kwa kipande cha mbao kabla ya kukaza skrubu, la sivyo utaupindisha ubao wa nyuma.

Ukiiacha bila kuifunga ukutani, hiki ndicho kitakachotokea. Saa ya siku nane, ile inayotiwa ufunguo mara moja kwa wiki, inakwenda vizuri Jumatatu hadi Alhamisi, halafu siku ya tano au ya sita inasimama yenyewe. Unaisukuma, inasimama tena. Unaitia ufunguo, inapona, na wiki ijayo yale yale. Kinachotokea ni kwamba mizigo imeshuka mpaka uzi wake umekaribia urefu wa pendulo. Kabati linayumba kidogo sana kwa kila pigo, mizigo nayo inaanza kubembea kwa mwendo ule ule, na inaiba nguvu ya pendulo mpaka inakata. Fungua mlango wa kiwiliwili siku hiyo, utaiona mizigo inacheza. Dawa yake ni skrubu ya ukutani.

Baada ya hapo sikiliza mapigo. Yakiwa sawa, tiki na taki zinaachana kwa nafasi moja. Yakichechemea, inua upande mmoja wa kabati polepole mpaka yawe sawa, ukumbuke ni upande gani. Rudisha kabati chini, kisha upinde kidogo uma unaoishika pendulo, kuelekea upande ule ulioinua, huku ukiushikilia mhimili wa nanga kwa mkono wa pili. Nanga ni kile kipande cha chuma kinachokamata na kuachia meno ya gurudumu la juu. Umbo lake ni la nanga kweli, na ndiyo iliyowezesha pendulo ndefu ya bembea fupi kuingia kwenye kabati jembamba kuanzia miaka ya 1670.

Hesabu ya meno inafaa kujulikana, kwa sababu ukiijua unaweza kumwelekeza fundi wa kukereza bila kubahatisha. Ngoma ya kuzungushia uzi ina gurudumu la meno 96, linaloendesha kigurudumu cha meno 8 kwenye mhimili wa kati. Mhimili huo wa kati huzunguka mara moja kwa saa moja, hivyo ngoma inazunguka mara moja kwa saa 12. Ngoma ina mifereji 16 hivi, na hizo ndizo siku nane. Kutoka katikati: meno 60 kwa 8, meno 56 kwa 7, mpaka gurudumu la nanga lenye meno 30, ambalo huzunguka mara moja kwa dakika na kubeba mshale wa sekunde. Mzigo wa kila upande ni kilo tano na nusu hadi sita, umening'inia kwenye kapi. Uzi ni wa utumbo au wa nailoni, mita tatu kila upande. Waya wa chuma usiutie, hata ukiukuta umetiwa: unakata mifereji ya ngoma, na ngoma ni kazi kubwa kuliko uzi.

Mafuta ya saa, tone dogo kwenye matundu ya ncha za mihimili, na kidogo kwenye nyuso za nanga. Meno ya magurudumu yabaki makavu. Ukiyapaka, vumbi jekundu la Nairobi hukaa humo likawa kama msasa, na kinachoshangaza wengi ni kwamba kinacholika ni chuma cha pua cha vile vigurudumu vidogo, wakati shaba laini inabaki nzima. Vumbi huzama ndani ya shaba likashika hapo, kisha shaba yenyewe inageuka tupa. Tundu likipanuka likawa kama yai, liwekwe bushi ya shaba. Asipige mtu nyundo.

Kuna kosa moja linaloonekana kubwa na ni dogo. Saa inakwama kati ya saa sita na saa saba, mishale haisogei. Angalia mizigo: wa upande wa kengele umefika chini kabla ya mwenzake, kengele haikulia, na kile chuma chenye meno kinachohesabu milio kimedondoka kikashikwa na sahani yenye ngazi, pale inaporuka kutoka ngazi ya XII kwenda ya I. Usilazimishe mshale. Tia ufunguo upande wa kengele, inua chuma hicho kwa kidole, iache ilie. Siku zote jaza pande mbili kwa siku moja.

Sasa jina lililo usoni. Wengi huamini aliyeandikwa ndiye aliyetengeneza kila kitu, na hilo ndilo ningependa wanaonunua kwenye minada ya vyombo hapa mjini waliangalie vizuri. London palikuwa na wakubwa: Ahasuerus Fromanteel aliyetangaza saa za pendulo mwaka 1658, Thomas Tompion aliyezaliwa Northill, Bedfordshire, mwaka 1639, na George Graham aliyezikwa kaburi moja naye Westminster Abbey. Saa za namna hiyo huzikuti kwenye mnada wa Ngong Road. Utakachokuta ni kazi ya mikoani, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo yenye utamu, kwa kuwa kila eneo lilikuwa na mkono wake.

Kabati pana la mahogani, nguzo pembeni, kichwa chenye pembe mbili zilizojikunja kama shingo za bata maji: fikiria Lancashire na Cheshire. Yorkshire, hasa kuelekea miaka ya 1830, kabati hunenepa na mlango wa kiwiliwili unakuwa mfupi. Kabati la mwaloni, dogo, lenye mashine ya saa 30 na mzigo mmoja kwenye mnyororo unaozunguka bila mwisho, ni la kijijini, la kuvutwa kila siku. Baadhi yake hata zilichorwa matundu ya ufunguo ya uongo usoni ili mgeni adhani ni ya siku nane. Jonas Barber wa Winster aliziandika saa zake namba. Will Snow wa bonde la Nidderdale vilevile, na mabamba ya mashine zake yametobolewa katikati ili kuokoa shaba. Kaskazini mwa Oxfordshire mafundi wa dhehebu la Kikweka (Quaker), akiwemo Richard Gilkes wa Adderbury, walipenda uso wa shaba uliochongwa duara na miale, bila mapambo ya shaba iliyoyeyushwa na kumwagwa. Halifax ilijulikana kwa uso wenye mwezi. John Harrison, kabla ya saa zake za baharini, alikuwa Barrow upon Humber, Lincolnshire, akitengeneza magurudumu ya mwaloni. Ya kwanza inayojulikana ni ya 1713.

Mwezi huo wa usoni unafanya kazi hapa vizuri kabisa. Sahani yake ina meno 118 na husukumwa mara mbili kwa siku, hivyo miezi miwili ya siku 29 na nusu. Umri wa mwezi ni mmoja Halifax na Nairobi. Ila uso ukiwa na maandishi ya maji kujaa Bristol, hayo ni ya Bristol. Usiyatumie kumwambia shemeji wa Mombasa lini maji yatajaa.

Uso mweupe wa rangi ulianza kuuzwa Birmingham mwaka 1772, na Osborne na Wilson ndio walioutangaza. Kuanzia hapo fundi wa mji mdogo alinunua uso Birmingham, na mara nyingi mashine ikiwa nusu imekwisha, kabati likatoka kwa seremala wa jirani, jina lake likaandikwa mwisho. Ukitoa kichwa na kuchungulia nyuma ya uso, utaona bamba la chuma la kushikia, na juu yake huenda limepigwa jina la mtengeneza uso. Jina hilo hukusaidia kupata miaka ya saa kuliko lile la mbele.

Kabla ya kulipa, washa tochi ndani ya kiwiliwili. Bonge la pendulo huacha mkwaruzo wa upinde kwenye ubao wa nyuma baada ya miaka mingi ya kuhamishwa na kuyumba. Mkwaruzo ukiwa sentimita kumi juu au chini ya bonge la leo, kabati hili lilibeba mashine nyingine. Angalia pia mbao za pembeni zinazobeba ubao wa mashine: zimeongezwa kipande kipya, au zimekatwa? Uso unaacha mwanya kwenye fremu ya kichwa? Saa ya namna hiyo bado inaweza kununuliwa, lakini kwa bei ya saa iliyounganishwa.

Uso wa rangi usioshwe. Namba na jina viliandikwa mwisho, juu ya rangi nyeupe iliyokaushwa motoni, na kitambaa chenye maji huviondoa kabla ya uchafu. Brashi laini kavu inatosha. Na kitako, kwa kuwa kimekaa sakafuni miaka mingi, ndicho bungua hupenda: tandika karatasi nyeusi chini yake wiki mbili. Unga mpya ukidondoka, upake dawa ya mbao ndani ya matundu na chini ya kitako, mashine ikiwa imetolewa kwanza, kisha rudia karatasi.